Shangazi, kanisani wananiita Dokta na mtihani bado sijafanya

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 21, niko mwaka wa tatu wa chuo hapa Lexington, Kentucky. Wazazi wangu ni Wabembe wa Fizi, Kivu Kusini, na mimi nimezaliwa kambini Nyarugusu, kule Kasulu. Tulipoletwa Marekani nilikuwa na miaka 12. Mimi ndiye wa kwanza kuzaliwa, nyuma yangu wako wadogo zangu watatu wa kiume.

Nataka kuwa daktari. Huku, kama unavyojua, mtu hatoki sekondari akaingia moja kwa moja udaktari. Unasoma kwanza shahada, unafanya mtihani wa MCAT, ndipo unaomba chuo cha udaktari. Nimepanga kuufanya Aprili inayokuja ili niombe mwezi wa sita na nisipoteze mwaka. Wenzangu wawili tunaosoma nao wameshalipia. Pesa ninayo, nimeidunduliza mpaka ikafika dola kama 350, lakini kila nikifungua ukurasa wa kulipa mkono unakuwa mzito.

Sababu ni hii. Muhula huu nimebeba krediti 17: kemia ogania, fizikia, takwimu, sosholojia, na maabara mbili juu yake. Usiku tatu kwa wiki nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, msaidizi wa wauguzi, kuanzia saa tano usiku mpaka saa moja asubuhi. Naishi nyumbani ili kuokoa kodi. Baba anafanya kazi kiwandani na Kiingereza chake ni cha kuombea maji, mama ndiyo kabisa. Kwa hiyo kila barua inayoingia nyumbani ni mimi, kila simu ya shule ya wadogo zangu ni mimi, na mama akiwa na miadi kliniki (ana sukari na presha) ni mimi wa kwenda kumtafsiria. Mwezi uliopita nilikosa vipindi vinne kwa ajili hiyo. Alhamisi na Jumamosi ni mazoezi ya kwaya. Jumapili ni ibada, na ibada zetu unazijua.

MCAT naisoma zile siku nisizokwenda kazini, wakishalala wote. Nilijiwekea saa tatu kila siku. Natazama video, napiga mistari ya rangi kwenye vitabu vya kuazima, nikija kushtuka ni saa tisa usiku na shavu liko juu ya kitabu. Kuna siku napata hizo saa tatu, kuna siku dakika ishirini, na kuna wiki nzima sipati kitu, na wiki hiyo najichukia kweli.

Majuzi nilijipima kwa mtihani wa majaribio wa bure wa wenyewe AAMC, chama cha vyuo vya udaktari kinachotoa MCAT. Nilipata 491. Kemia na fizikia 124, baiolojia na baiokemia 125, saikolojia na sosholojia 123, na ile sehemu ya kusoma, CARS, 119. Wiki hiyohiyo nikapata C kwenye jaribio la kemia ogania, mimi ambaye C sikuwahi kuiona.

Marafiki wa chuoni wameacha kunialika, maana jibu langu wanalijua. Na nyumbani sina wa kumwambia. Kanisani mchungaji ananitambulisha kwa wageni, "huyu ndiye dokta wetu." Wamama wananifuata baada ya ibada na chupa zao za dawa, wananiuliza hii ni ya kabla ya kula au baada. Baba anasimama pembeni anatabasamu. Nitamwambiaje mtu huyo kwamba binti yake ana C?

Maji yamenifika shingoni, Shangazi. Niache kwaya? Niache kazi? Au ni uvivu tu, kwa sababu wenzangu wanasema saa tatu kila siku zinawezekana mtu akitaka? Nilipie Aprili au nisilipie?

Binti wa Lexington

*

Marahaba mwanangu.

Usilipie. Nimeanza na hilo ili usome yaliyobaki ukiwa umetulia, na pesa yako ikiwa bado mfukoni.

Na uvivu tuuondoe mezani kwanza. Chukua kalamu. Wiki ina saa 168, haiongezeki hata kwa maombi. Krediti 17 pamoja na maabara zitakukalisha darasani saa 22 hivi. Vyuo vya huku huhesabu kwamba kila krediti inataka saa mbili za kujisomea nje ya darasa, hizo ni 34. Kazini usiku tatu za saa nane, 24. Usingizi wa saa saba kila siku, ambao najua huupati lakini mwili unaudai, 49. Kula, kuoga, kuendesha gari, kufua, kupika zamu yako, tuseme saa tatu kwa siku, 21. Kwaya na ibada, 12. Barua, simu na kliniki za nyumbani, 8. Jumlisha. Ni 170. Umeshazidi wiki kwa saa mbili na kitabu cha MCAT hujakifungua. Hizo saa tatu za kila siku ni 21 nyingine. Zitatoka wapi? Zimetoka kwenye usingizi na kwenye kemia ogania, na kemia ogania imekujibu.

Hao wenzako wawili sina ubaya nao. Ila waulize siku moja, kwa upole tu, barua ya bima ikiingia kwao nyumbani husomwa na nani.

Sasa sikiliza jambo ambalo ndilo kiini cha jibu langu. Una vitu viwili mkononi, mtihani na madaraja ya chuo, na unavibeba kana kwamba uzito wake ni mmoja. Mtihani unasogezwa. MCAT hufanyika Januari, kisha kuanzia machipuko mpaka Septemba, tarehe ni nyingi. Daraja halisogezwi. Ukiomba vyuo vya udaktari kupitia AMCAS, mfumo wa AAMC wa kupokea maombi, kila kozi uliyosoma inaingia kwenye hesabu, hata ile uliyoirudia: C ya kwanza haifutwi na A ya pili, zote mbili zinahesabiwa. Tena wana hesabu ya pembeni ya masomo ya sayansi peke yake, na kemia ogania imo. Kwa hiyo unapokesha na video za MCAT usiku wa kuamkia jaribio la kemia, unauza kisichorudi ili ununue ambacho kingeweza kungoja.

Na wala mtihani wenyewe si wa kwenda kubahatisha. Unaruhusiwa mara 3 kwa mwaka, mara 4 katika miaka miwili mfululizo, na mara 7 maisha yako yote. Ukilipia ukaacha kutokea siku yenyewe, hiyo nayo inahesabiwa. Alama ukishazipokea, vyuo vinaziona zote, za kwanza na za mwisho. Alama huanzia 472 hadi 528, katikati ni 500. Wanaoingia udaktari huku, wastani wao ni karibu 511 au 512. Wanaoomba wanazidi 50,000 kwa mwaka, wanaopata ni kama 23,000. Kutoka 491 kwenda huko inawezekana, watu wamepanda zaidi ya hapo, lakini si kati ya sasa na Aprili ukiwa na krediti 17 na usiku tatu za kukesha.

Ningekuwa wewe ningeufanya mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, ukiingia mwaka wa nne. Alama zinatoka baada ya mwezi mmoja hivi. Zikiwa nzuri, unamaliza shahada yako kwa amani, unaomba Juni ukiwa umeshavaa joho, unaingia chuo cha udaktari mwaka unaofuata. Zikiwa mbaya, Januari ipo. Najua umeshaona hapo katikati kuna mwaka mmoja mtupu, na najua baba ataitaje mwaka huo. Tutamfikia. Wewe kwa sasa jua kwamba zaidi ya nusu ya wanaoingia udaktari hapa Marekani, tena kwa mbali, wamekaa angalau mwaka mmoja kati ya chuo na udaktari. Udaktari wenyewe ni miaka 4, na mafunzo ya hospitalini baada yake ni 3 hadi 7. Mwaka mmoja kwenye safari ya namna hiyo unaukimbilia nini?

Kuhusu zile dola 350. AAMC wana mpango wa kuwapunguzia ada wasio na uwezo, unaitwa Fee Assistance Program. Kama pato la familia halizidi mara nne ya mstari wa umaskini wa serikali, unaomba, na ni wa raia, wenye makazi ya kudumu, wakimbizi na waliopewa hifadhi. Kwa mshahara wa baba wa kiwandani na watu sita nyumbani, sioni kwa nini usipite. Ukipita, ada ya mtihani inashuka chini ya nusu, vitabu na mitihani yao ya majaribio unapewa bure, na maombi ya AMCAS yenyewe, ukiyatuma muda wa msaada huo ukiwa haujaisha, ni bure hadi vyuo 20. Ila ina sharti moja: haimrudishii aliyekwisha kulipa. Uombe kwanza, ujibiwe, ndipo ulipie. Utatakiwa karatasi za mapato na kodi za wazazi, na kwa kuwa karatasi zote za nyumba hiyo ziko mikononi mwako, hapo angalau una faida. Na siku utakapolipia, kumbuka kubadilisha tarehe kunaruhusiwa, kwa malipo yanayopanda kila mtihani unavyokaribia, mpaka siku 10 kabla. Zikibaki chini ya hapo, imetoka.

Tuje kwenye kusoma kila siku. Umeniletea alama zako na nimezikalia. Tatu ziko jirani, 123, 124, 125. Mtu wa 125 kila sehemu anapata 500 kamili, kwa hiyo huko hujapotea, wewe ni mtu ambaye bado hajamaliza kozi. Baiokemia hujaisoma. Fizikia ndiyo kwanza umeianza. Usishangae. Hizo zitapanda zenyewe ukisoma darasani vizuri, na ndiyo sababu nyingine ya kuliheshimu darasa: kemia ogania unayoidharau usiku ndiyo MCAT yenyewe.

Tatizo ni 119. CARS ni habari tisa, maswali 53, dakika 90, na haiulizi chochote ulichokariri. Wanakupa maandishi ya falsafa, historia, sanaa, siasa, halafu wanataka kujua mwandishi anadai nini na angemjibuje mtu fulani. Video hazisaidii. Rangi za kalamu ndiyo kabisa. Na ndiyo sehemu pekee ambayo huwezi kuilimbikiza kiangazi, kwa sababu ni misuli ya kusoma, nayo hujengwa kidogokidogo kwa miezi. Sayansi inangoja Juni. CARS haingoji.

Kwa hiyo nakupunguzia. Badala ya saa tatu, saa moja. Saa moja kila siku, siku sita, Jumapili hapana. Iwe asubuhi maktaba, saa moja mpaka saa mbili kabla ya vipindi, mahali ambapo hakuna anayeita jina lako. Nusu ya kwanza, habari mbili za CARS kwa saa ya ukutani, dakika kumi kila moja, halafu unaangalia ulikosea wapi na kwa nini, hasa kwa nini. Nusu ya pili, maswali ya yale uliyosoma darasani wiki hiyo. Maswali, si kurudia kusoma. Mwaka 2006 watafiti wawili, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi habari za kusoma. Waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi walipoulizwa baada ya dakika tano. Walipoulizwa baada ya wiki, walioshinda ni wale waliofunga karatasi na kujaribu kukumbuka wenyewe. Ndiyo maana wanafunzi wa udaktari huku wanaabudu Anki, ile programu ya kadi za maswali inayokurudishia kadi siku unapokaribia kuisahau. Ni ya bure kwenye kompyuta. Kadi 20 mpya kwa siku zinakutosha, usiige mtu wa kadi 100, zitakuja kudai zote kwa pamoja na utaikimbia.

Siku ukikosa, umekosa. Kesho ni saa moja ileile, usilipe deni la jana. Hizo wiki unazojichukia zinaanza pale unapotaka kufidia saa tisa kwa siku moja.

Kuhusu Kiingereza cha CARS, nakuambia kitu ambacho pengine hakuna atakayekuambia. Mimi nimefanya ukalimani hospitalini miaka mingi, na naujua ugonjwa wa mtu anayesoma lugha ya tatu: anabeba maneno. Anatafsiri kila neno kichwani, akifika mwisho wa aya mikono imejaa na hajui aya ilisema nini. Lakini wewe kliniki na mama hufanyi hivyo! Daktari akisema sentensi nne, unamgeukia mama na kumwambia, "anasema dawa hii haitoshi, anataka kuongeza ya pili, anaogopa figo." Umeacha maneno, umechukua dai. Fanya vivyo hivyo kwenye karatasi. Kila aya, mwambie mama yako kichwani kwa Kiswahili, sentensi moja: huyu anadai nini, anabishana na nani. Mwanzoni utakwenda polepole kama kobe. Baada ya wiki chache sentensi hiyo itakuja yenyewe na saa utaimudu.

Nimetaja kliniki, na hapa nina neno zito kidogo. Acha kumtafsiria mama.

Usikasirike. Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali ya shirikisho, zikiwemo za bima zake za afya, Medicaid na Medicare, zinalazimika kisheria kumpatia mgonjwa asiyejua Kiingereza mkalimani aliyefundishwa, bure. Inatokana na Sheria ya Haki za Raia ya 1964, na sheria ya afya ya 2010 ikakazia. Hawaruhusiwi kumwambia mgonjwa aje na mtu wake. Kiswahili si lugha ngeni kwao, hasa mji wenye Wakongo wengi kama wenu. Asipokuwepo mtu ana kwa ana, wanapiga simu au video na mkalimani anapatikana. Wewe piga kliniki mara moja, sema faili la mama liandikwe anahitaji mkalimani wa Kiswahili kila miadi, na mama mfundishe kusema neno moja tu akifika dirishani: Swahili. Shule za wadogo zako nazo vivyo hivyo, mkutano wa wazazi unatakiwa kuwa na mkalimani, na barua muhimu wanapaswa kuzitoa kwa lugha ambayo mzazi anaielewa.

Sikuambii hivyo kwa sababu ya saa tu. Nimeona mabinti wakitafsiri vyumbani mle. Mama anaulizwa swali la siri za mwili wake, anamtazama mwanawe, anasema hapana, na jibu lilikuwa ndiyo. Na nimeona binti akipokea habari mbaya ya kwanza, anaimeza, anamwambia mama kitu chepesi zaidi. Nenda na mama ukipenda, keti karibu naye, mshike mkono. Mdomo awe nao mwingine. Wewe unataka kuwa daktari, basi hata kwa ajili hiyo tu, anza kuona mgonjwa akihudumiwa inavyostahili.

Barua za nyumbani zipewe siku. Zote ziingie kikapu kimoja, Jumapili jioni mnakaa na baba mnazifungua. Mdogo wako mkubwa umri wake hukuniandikia, lakini kama yuko sekondari, Kiingereza chake sasa hivi labda kimekipita chako. Akae naye hapo.

Kazi usiache. Wanaoomba udaktari bila kuwahi kumgusa mgonjwa huulizwa maswali, na wewe unawageuza wazee kitandani usiku, unawapima presha, unawasikiliza. Hiyo itakuwa sehemu nzuri kuliko zote kwenye maombi yako. Ila usiku ndiyo unaokuua. Zungumza na msimamizi wako, omba zamu mbili badala ya tatu, na angalau moja iwe ya Jumamosi mchana kama wanayo. Nyumba za wazee hazijawahi kutosheka na watu wa Jumamosi, na mara nyingi kuna nyongeza ya malipo.

Umeona nimekwenda wapi. Jumamosi ina kwaya. Mazoezi ya Jumamosi uyaache, ya Alhamisi ubaki nayo. Mwambie mwalimu wa kwaya mapema na umweleze mpaka lini, asije akasikia kwa watu. Kuimba usikuache kabisa. Mtu mwenye maisha yako, ukimnyang'anya mahali pekee anapofungua mdomo bila kumtafsiria mtu, atasoma vizuri mwezi mmoja kisha atavunjika. Na hao marafiki wa chuoni, wape chakula cha mchana kimoja kwa wiki. Hutakosa.

Muhula wa Januari chukua krediti 14. Msaada wa Pell, ule wa serikali kwa wanafunzi wa kipato cha chini, unahesabu krediti 12 kuwa ni muda kamili, kwa hiyo hautapungua kwa hilo, ila kama una ufadhili mwingine wa chuo au wa jimbo, pita ofisini uulize sharti lake kabla hujafuta kozi. Kiangazi, wiki 12 za saa 25, ni saa 300, na hicho ndicho kiasi ambacho wengi waliofaulu mtihani huu hukitaja. Hapo ndipo mtihani mmoja kamili wa majaribio kila wiki mbili, asubuhi ya siku usiyo na zamu, umekaa chini saa saba na nusu kama siku yenyewe, na chakula chako cha mchana umebeba.

Baba sasa. Usimwambie kwenye gari na usimwambie mbele ya watu. Kama kuna mama mkubwa au mzee ambaye baba humsikiliza, mpitie yeye kwanza, aje awepo. Na usianze na C. Anza na mpango: baba, nimezungumza na washauri, mtihani naufanya Agosti, naomba chuo Juni inayofuata, ule mwaka wa katikati nafanya kazi muda wote hapahapa nyumbani na naweka akiba. C mtajie ukishamaliza, kwa sauti ya kawaida, na umwambie umeshafanya nini kuirekebisha. Mtu aliyeilea familia kambini miaka yote ile amewahi kungoja kuliko mwaka mmoja. Hofu yake si muda, ni kuambiwa kwamba haitakuwa. Mwonyeshe tarehe.

Na lile jina la Dokta, umwombe baba alisimamishe yeye. Si wewe. Wewe ukilikataa wataona ni unyenyekevu na watalizidisha. Yeye amwambie mchungaji, "binti yangu bado anasoma, mwombeeni mtihani." Mchungaji ataelewa mara moja. Wale wamama wa chupa za dawa waelekeze kwa mfamasia wa dukani walikozichukulia, naye ana simu ya mkalimani, na kushauri mtu juu ya dawa ukiwa huna leseni ni jambo linaloweza kukugharimu hiyo leseni kabla hujaipata.

Wiki hii yafanye matatu tu: mpigie simu mtu wa kliniki, anza fomu ya punguzo la AAMC, na nenda ofisini kwa mwalimu wa kemia ogania na ile karatasi ya C, umwulize ulikosea wapi. Muhula haujaisha, na mtihani wa mwisho ndio unaobeba mzigo kwenye kozi nyingi. Ukishapata daraja lako la Desemba niandikie, iwe lolote.

Shangazi